Jinsi ya Kumfundisha Mgonjwa Kunyamaza: Mwongozo kwa Daktari Aliyepangiwa Mwadui

Hongera, daktari. Majina ya ajira yametoka, umepangiwa Kishapu, na basi limekushusha Maganzo wewe na begi lako. Huu ni mji wa madalali wa almasi. Nyuma yake ndiko Mwadui, ambako mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi mwaka 1940. Hapa watu wamezoea kuficha vitu vidogo vyenye thamani kubwa, kwa hiyo wagonjwa wako wanakuja na kipaji tayari. Kazi yako ni kukiendeleza.

Chuoni ulifundishwa kuchukua historia ya mgonjwa, lakini hukufundishwa namna ya kuizuia isitoke. Matokeo yake, madaktari wengi wachanga hufika vituoni wakiwa hatarini kuambiwa ukweli. Mama atakuambia mwanawe anapewa mizizi ya mganga. Mchimbaji atakuambia anavuta bangi ili apate usingizi. Mzee atatoa mfukoni kichupa cha mafuta ya CBD, yatokanayo na bangi, alichotumiwa na binti yake aliyeko Marekani. Ukishaambiwa hayo huna pa kukimbilia: itabidi ufikiri, usome, uamue. Mwongozo huu unakuepusha na adha hiyo. Fuata hatua zake kwa utaratibu, na kabla mwaka haujaisha hakuna atakayekuambia kitu.

Hatua ya kwanza: Mlango uwe wazi

Chumba cha daktari kisiwe na siri. Wagonjwa wawili wakae mezani kwa pamoja, nesi awe anatafuta mafaili kabatini, na kichwa cha foleni kiwe kimeshaingia ndani ya mlango. Kisha mwite mzee wa miaka sabini ambaye mkwewe yuko kwenye benchi, na umuulize kwa sauti ya mnadani: "Mzee, bangi unavuta?"

Atasema hapana. Andika "hapana" kwenye faili na upige mstari chini yake. Umeshapata taarifa ya kitaalamu, tena kwa sekunde tano. Kama kweli anatumia kitu kwa ajili ya magoti yake, atakwenda nacho nyumbani kikiwa salama mfukoni.

Hatua ya pili: Swali libebe jibu lake

Wapo madaktari wanaouliza, "Mbali na hizi dawa zangu, kuna kingine unachotumia?" Swali la namna hiyo ni hatari, maana linajibika. Wewe uliza hivi:

"Mama, hujampa mtoto miti shamba, eti?"

"Sijampa, dokta."

"Wala hukumpeleka kwa mganga?"

"Sikumpeleka."

"Vizuri. Maana nyie mnaua watoto kwa ujinga."

Hiyo sentensi ya mwisho usiisahau. Ndiyo inayohakikisha kwamba hata mwakani, hata kwa daktari mwingine, mama huyu atajibu vilevile. Atakushukuru, "Wabeja, dokta," atatoka nje, na akifika chini ya mwarobaini atawaambia wenzake kile asichokuambia wewe. Taarifa haipotei. Imehama tu kutoka kwenye faili kwenda kwenye benchi la nje, na huko itapata washauri wa kutosha.

Hatua ya tatu: Kila kitu kapu moja

Usikubali kutenganisha mambo. Ukianza kutenganisha utagundua kwamba mmea wa bangi una kemikali nyingi, kwamba THC ndiyo inayolewesha na CBD haimleweshi mtu. Utajikuta unasoma kwamba Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya maji ya CBD kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut, baada ya majaribio ya kweli yenye wagonjwa wa kweli. Utakuta pia kuna dawa zitokanazo na THC za kupunguza kichefuchefu cha wanaotibiwa saratani. Ukiendelea utakutana na upande wa pili: kwa maumivu ya muda mrefu ushahidi ni hafifu, na kwamba inaponya saratani au kisukari hakuna ushahidi wa kusimamia. Na kwa kijana ambaye ukoo wake una ugonjwa wa akili, THC inaweza kumfungulia mlango mbaya.

Haya ni mengi mno kwa mtu mwenye foleni. Sema tu, "Bangi ni bangi, haina faida yoyote." Sentensi fupi, inabebeka, na nusu yake si kweli.

Faida yake utaiona baadaye. Mgonjwa atakwenda kwa muuzaji, naye atamwambia kwamba mafuta yale yanatibu kifafa, presha, sukari, saratani, nguvu za kiume na mkosi. Mgonjwa atapekua simu yake usiku, atakuta habari za ile dawa ya kifafa, na atajua kwamba daktari alimdanganya kwenye moja. Kuanzia hapo atamwamini muuzaji kwenye yote sita. Wewe na muuzaji hamjawahi kuonana, lakini mnafanya biashara moja: wewe unaleta wateja, yeye anapokea pesa.

Hatua ya nne: Jifunike sheria

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ipo, mamlaka yake ipo, na haina mzaha na bangi. Hakuna chupa ya CBD unayoweza kuiandikia cheti hapa Kishapu mgonjwa akaenda nayo dirisha la dawa. Hilo halina ubishi. Ustadi ni kuinyoosha sheria hiyo mpaka ifike mahali isipofika. Sheria inakuzuia kuandika. Wewe jifanye imekuzuia hata kusikia.

Mgonjwa akianza tu, "Dokta, kuna mafuta fulani…" inua mkono kama trafiki wa Tinde. "Mzee, mimi hayo sitaki kuyajua. Unataka tufungwe?" Mzee atatazama dirisha kuona kama polisi wameshafika. Hatarudia tena.

Akija msomi akakutajia majirani, usitetereke. Ni kweli Lesotho ilitoa leseni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017. Malawi ilitunga sheria mwaka 2020, na Rwanda ikaruhusu kilimo cha kuuza nje mwaka 2021. Ni kweli pia kwamba tarehe 2 Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya iliiondoa bangi kwenye jedwali la dawa hatari zaidi zisizo na faida ya kitabibu, kwa kura 27 dhidi ya 25. Jibu lako ni moja: "Hapa ni Tanzania." Nalo ni jibu sahihi. Kura ile haikubadilisha sheria yetu hata nukta, na Rwanda yenyewe haikumruhusu Mnyarwanda avute sebuleni kwake.

Wala usidhani uko peke yako. Uingereza iliwaruhusu madaktari bingwa kuandika dawa za bangi tangu Novemba 2018. Hata hivyo, wanaozipata kupitia hospitali za umma ni wachache sana, na wengi huishia kliniki za kulipia. Wenzako wa London wana kompyuta, wana miongozo, wana ruhusa, na bado wanainua mkono ule ule.

Hatua ya tano: Usikumbuke mofini

Hii ni hatua nyeti. Mtu anaweza kukuuliza, "Kama mmea wa kulevya hauwezi kuwa dawa, mofini inatoka wapi?" Inatoka kwenye afyuni, ndugu yake heroini. Na hakuna daktari mwenye akili zake Tanzania atakayesema mgonjwa wa saratani wa Ocean Road asipewe shira ya mofini kwa sababu vijana wa mjini wanajidunga.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji ikaanza kutengenezwa kwa bei ambayo hospitali ya kawaida inaimudu, na mwaka 2004 kanuni zikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe. Mmea ulifungiwa kwenye chupa, chupa kwenye kabati, kabati kwa ufunguo, na kila kipimo kikaandikwa daftarini. Kilichofanya afyuni iwe dawa ni utafiti, kipimo na daftari. Matusi kwa wagonjwa hayakuchangia chochote.

Ukiruhusu fikra hii ikae kichwani, utaanza kuuliza maswali yasiyofaa: mbona hatuna utafiti wetu, mbona hatuna kipimo, nani alete daftari? Maswali hayo hayana posho. Yaache.

Hatua ya sita: Kumbukumbu iwe ya kuchagua

Utawaambia wagonjwa kwamba dawa ni ile iliyopimwa maabara, na hapo utakuwa sahihi. Omba tu wasiwe na kumbukumbu ndefu. Mwaka 2011 taifa zima lilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti shamba cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni porini siku kwa siku, na mawaziri walikuwemo. Wapo waliokunywa wakaacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mei 2020 waziri wa mambo ya nje, Palamagamba Kabudi, alipanda ndege hadi Madagascar kuchukua dawa ya mitishamba ya korona, na nchi nzima ikawekwa chini ya blanketi kujifukiza.

Kwa hiyo bibi wa Mwadui Luhumbo akikuuliza, "Dokta, kwani majani ya wakubwa ndiyo yanapimwa na ya kwangu ndiyo ujinga?" kohoa, tazama saa, ita mgonjwa mwingine. Usimwambie kwamba Muhimbili ina taasisi inayochunguza tiba asili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, wala kwamba tangu 2002 tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala yenye baraza la kusajili waganga. Akijua kwamba serikali yenyewe imeshakiri kuwa watu wanatumia miti shamba, atashangaa ni wewe tu uliyebaki hujapata habari.

Hatua ya saba: Laumu mmea, usiulize mgodi

Siku moja utapangiwa zamu ya Kahama au Geita, au mchimbaji wa huko atarudi kwao Maganzo akiwa mgonjwa. Ataingia mikono inatetemeka, hasira ziko puani, usingizi hana, jina la mtoto wake wa tatu halikumbuki. Nduguye atakunong'oneza: "Anavuta, dokta." Basi, umemaliza. Andika "bangi" na umpeleke mwenye kutetemeka nyumbani.

Usithubutu kumuuliza anafanya kazi gani hasa. Atakueleza kwamba yeye si wa kushuka duarani, yeye ni wa kuchoma. Mchanga uliosagwa kwenye karasha unaoshwa, unamwagiwa zebaki, zebaki inashika dhahabu, mchanganyiko unakamuliwa kwenye kitambaa mpaka ubaki kidonge cheupe kama kunde. Kidonge kinawekwa kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa. Zebaki inapaa kama moshi, dhahabu inabaki. Moshi huo hauna harufu ya kumshtua mtu, na jiko lenyewe mara nyingi liko uani, mke anachambua dagaa hatua tatu pembeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa waliwapima wachimbaji wa Rwamagasa, Geita, na sumu waliikuta miilini, hasa kwa hao wachomaji.

Kutetemeka, hasira, kukosa usingizi na kusahau ndizo dalili za zebaki kichwani. Bangi ya huyu jamaa inawezekana kabisa ilikuja baadaye, akijitafutia usingizi ulioibwa na moshi mwingine. Vivyo hivyo kikohozi cha mvunja mawe: moshi wa bangi unaumiza mapafu, kweli, lakini vumbi la mawe huleta silikosisi, na silikosisi huiita kifua kikuu. Ukiuliza kazi utalazimika kuagiza picha ya kifua na makohozi, na kumtafuta ofisa wa afya mahali pa kazi. Ukilaumu jani, unahitaji kalamu tu.

Hatua ya nane: Ziache dawa zimalizane zenyewe

Hii ndiyo hatua ya kuhitimu, na ukishafuata zile saba itakuja yenyewe bila kutafutwa.

Kliniki ya kifafa, Jumanne. Mama ameketi na mtoto wa miaka sita, amevaa sare ya shule ingawa hafiki shule, na bega la mama limelowa udenda. Mtoto anatumia valproeti. Mwezi jana alikuwa anacheza. Leo hata kichwa hakiinui. Unapandisha nyusi. Umeshamzidishia dozi? Hapana. Malaria? Kipimo hakioni kitu. Unamuuliza mama kwa kufuata hatua ya pili: "Hujampa kitu kingine, eti?" Naye, kwa kufuata mafunzo yako, anajibu hajampa.

Ndani ya mkoba wake, chini ya khanga na kipande cha matobolwa, kuna kichupa cha mafuta alichotumiwa na shangazi wa mtoto kutoka Texas. Shangazi ana nia njema. Alisoma kwamba CBD inasaidia kifafa, na kwa baadhi ya kifafa hakukosea. Ambacho hakujua ni kwamba CBD ikikutana na valproeti inaweza kulipandishia ini vimeng'enya vyake, kwa hiyo walioiidhinisha wanataka ini lipimwe. Hakujua pia kwamba baadhi ya dawa za kifafa huzidi nguvu mwilini zikichanganywa nayo, mtoto akalala kutwa. Wala hakujua kilichomo chupani. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni: karibu saba katika kila kumi hazikulingana na lebo zake, na 18 zilikutwa na THC.

Wewe huyajui hayo kwa sababu hukuambiwa, na hukuambiwa kwa sababu ulifundisha vizuri. Utabadilisha dozi kwa kubahatisha. Wiki hiyo hiyo mzee mwenye moyo, anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, atatokwa damu ya fizi bila sababu unayoweza kuiona, maana naye ana chupa yake. Utaandika barua ya rufaa kwenda Bugando: "Chanzo hakijulikani." Na kweli hutakijua.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo inamsema mgonjwa peke yake. Aliyemfundisha kuficha hakutajwa, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Dalili kwamba umeshindwa

Si kila daktari anahitimu. Wapo wanaoharibu kazi, tena mara nyingi ni tabibu fulani wa zahanati asiye na makuu. Utawatambua kwa mambo haya.

Kwanza, hufunga mlango. Pili, huanza kwa kuamkia, "Shikamoo mzee," au "Mwangaluka, mayu," kisha huuliza kana kwamba anauliza habari za mvua: "Hapa kwetu wengi hutumia na vya nyumbani, au vya kutumiwa na watoto. Wewe unatumia nini? Nataka visigombane na vyangu." Halafu hunyamaza, na kunyamaza huko hakumo kwenye mtaala wowote.

Mzee akitoa kichupa, yeye hukipokea, huvaa miwani, husoma lebo. Hasemi kwamba mafuta yanaponya. Utamsikia akimwambia: "Mzee wangu, hii siwezi kukuandikia, na sheria yetu hairuhusu uwe nayo, hilo nakuambia lisikukute njiani. Kwa goti lako ushahidi wake ni mdogo. Na hii wafarini yako haipatani nayo. Nataka uache mafuta, usiache vidonge, na Ijumaa uje tupime damu. Goti tutalitafutia njia nyingine. Na ukiona huwezi kuyaacha, usinifiche." Mzee hujibu, "Sawa, dokta mwanangu," na Ijumaa kweli anakuja.

Kwenye faili tabibu huyo haandiki "bangi" kwa wino mwekundu. Huandika alichoambiwa, kiasi, mara ngapi, tangu lini. Akiwa na mafaili ya kutosha anaweza hata kupata wazimu wa kuyaonyesha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kusema: watu wetu wanatumia hivi, kwa magonjwa haya, na wanadhurika hivi. Mambo ya namna hiyo yakizidi, nchi inaweza kuanza kujadili bangi ya tiba ikiwa na takwimu zake mkononi, ikakubali au ikakataa kwa sababu inazozijua. Sisi tumezoea kukataa kwanza, sababu zitafutwe baadaye.

Madhara ya kushindwa ni makubwa. Chai hutakunywa saa nne. Wagonjwa watakuja na mifuko ya plastiki na kuimwaga mezani: mizizi, unga wa kijani, vidonge vya mnadani visivyo na jina, vichupa vya Texas. Itabidi usome usiku. Itabidi umpigie mfamasia wa wilaya, na siku nyingine useme mbele ya mgonjwa, "Hili silijui, ngoja niulize." Wenzako watakucheka kwamba umegeuka mganga wa kienyeji.

Ukiona dalili hizo zimeanza, rudi haraka hatua ya kwanza: fungua mlango, pandisha sauti, na uwaombe wale wawili wanaosubiri waingie wakae hapo hapo mezani.